Treni Iliyogeuka Boti ya Kagunga

Siku yangu ya kwanza kazini mtoto mmoja alinitapikia miguuni. Alishuka kwenye farasi wa kuzunguka, akanitazama usoni kama mtu anayetaka kuniamkia, kisha akamwaga maandazi yote ya asubuhi juu ya viatu nilivyokuwa nimeazima kwa dada yangu. Mama Zaituni, mwenye kiwanja, alikuwa amesimama karibu na jenereta. Hakunipa pole. Alisema, "Yusta, chota mchanga umwagie, halafu muulize kama anapanda tena." Nikachota mchanga, nikamwagia, nikamuuliza. Akapanda tena.

Vijana wangu wa kiwanjani, mmeniomba mara nyingi niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa, na kila mara nimewaambia nitaandika nikistaafu. Sasa nimestaafu na kisingizio kimekwisha. Habari za vyeo nitaziruka. Pale kwetu kulikuwa na cheo kimoja tu, cha mwenye kiwanja, na kilikuwa na mtu tayari.

Wakati naanza, kiwanja kilikuwa hapo hapo mnapokiona leo, kwenye mteremko wa Bangwe unaotazama ziwa, ila ukuta ulikuwa wa makuti na lango la mabati. Mashine zilitoka pwani, zikaletwa na reli zikiwa zimeshachoka, kama wazee waliotumwa kuja kumalizia siku zao kwetu. Kulikuwa na farasi wa kuzunguka, bembea za minyororo, na treni ndogo ya mabehewa matatu iliyozunguka uwanja na kupita ndani ya pango la mabati na plaiwudi. Humo pangoni mlikuwa na mazimwi. Yalichorwa na mtu wa huko huko yalikotoka, yenye meno na nywele nyekundu, na moja lilikuwa limevaa tai. Mpaka leo sijajua lilikuwa linaelekea ofisi gani.

Mimi niliajiriwa kukata tiketi na kufagia. Nilikuwa msichana wa Kiha kutoka milimani, najua jembe na kidogo kuchora, kwa sababu shuleni nilikuwa napewa ubao nichore ramani. Aliyenifundisha kazi ni Fundi Ramazani. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, akakulia Ujiji, na alikuwa akitembea na kitambaa cheusi cha grisi begani hata siku za Ijumaa. Mashine alizisemesha kwa adabu sana. Ungemsikia chini ya behewa anasema, "Pole, mama, nimekuumiza wapi?" Watu aliwaambia, "Toka hapo."

Mafunzo yake yalikuwa machache na hayakuwa na maelezo. Asubuhi kabla ya kufungua, funga macho, iwashe mashine, usikilize. Macho yanadanganya, alisema, yanaona rangi mpya yanaridhika. Weka kiganja kwenye reli, uzunguke nayo yote, kwa sababu ufa mdogo unaushika mkono kabla jicho halijauona. Nati uliyoambiwa imekazwa, haijakazwa. Mtoto mwenye pipi ya kijiti mdomoni hapandi mpaka aitoe, hata akilia, hata mama yake akilia. Haya ninayaandika kama alivyonipa, na naomba myafuate hivyo hivyo.

Shida yetu ilikuwa treni. Kigoma ni mwisho wa reli. Mtoto wa hapa treni anaijua, ameiona ya kweli ikiingia stesheni na watu na kuku na magunia. Sasa unamwekea ndogo isiyokwenda popote, halafu ndani unamweka zimwi lenye tai. Wadogo walilia, wakubwa walicheka, na hakuna aliyerudi mara ya pili. Farasi walijaa, treni ikawa inazunguka na majani makavu. Basi Mama Zaituni akatuita akasema bila kuzunguka, "Hii Idi ndiyo ya mwisho. Kama watu hawapandi wakarudi tena, naiuza kwa watu wa chuma chakavu. Hapo patafaa ukumbi wa harusi."

Lazima mjue maana ya maneno hayo kwa Fundi. Farasi na bembea zilitaka mafuta tu, na mafuta hata mimi ningeweza kutia. Fundi aliwekwa pale kwa ajili ya treni. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na gereji gani ya mjini ingemchukua mtu anayepapasa spana? Aliingia chini ya behewa la kwanza akakaa humo mpaka tulipofunga.

Wazo la kuiokoa lilitoka kwa abiria, na lilitoka gizani. Jumapili moja jenereta lilizimika treni ikiwa pangoni. Ndani alikuwemo Mama Editha, mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa akienda na kurudi kati ya mjini na kwao Kagunga, kijiji kinachofikiwa kwa boti, pamoja na watoto wake. Nilichukua tochi nikaingia nikikimbia, nikitegemea kukuta vilio. Nikakuta kimya. Mama Editha alikuwa anawasimulia watoto kwa sauti ya chini: "Tulieni. Si ni kama tuko kwenye boti tunakwenda kwa bibi? Injini imezimika kidogo. Mtaona taa za wavuvi, halafu mtaona moto wa nyumbani." Mtoto wake mdogo aliponiona na tochi akapiga kelele za furaha, "Mama, taa ile pale! Mvuvi!" Nilikuwa mvuvi wa kwanza kuvaa sketi na beji ya tiketi, lakini sikumkatalia.

Kesho yake nilimwambia Fundi: tuiache treni isiwe treni. Iwe boti ya Kagunga. Pango liwe ziwa usiku, na mazimwi yaende zake. Alifuta mikono, akasema, "Boti inayumba. Hii haiyumbi." Nikadhani amekataa. Jioni nikamkuta ameshaanza kutia vipande vya mbao chini ya reli, huku kidogo, kule kidogo, ili mabehewa yapande na kushuka kama kwenye mawimbi.

Tulifanya kazi ile kwa furaha ambayo sijaipata tena. Mabehewa tuliyavika mbao ubavuni yakawa boti, nikayapaka bluu na nyeupe. Mazimwi niliyafunika kwa rangi nyeusi, isipokuwa lile la tai, ambalo Fundi aliomba libaki nyuma ya mlango, eti tumeshazoeana. Nikachora milima ya pwani yetu inavyokuwa usiku, na taa za wavuvi wa dagaa tukaziweka za kweli, balbu ndogo ndani ya vioo vya karabai zilizokufa. Kiboko tulimtengeneza kwa godoro kuukuu, na kinywa chake kilifunguliwa na mota ya waipa ya gari, ndiyo maana mvua ilipomnyeshea alikuwa anapepesa taya kwa namna inayojulikana na madereva. Upepo ulitoka kwa feni, na mvua kwa debe lililotobolewa. Radi ilikuwa ni mimi na bati nililolipiga pale langoni.

Makosa nayo yalikuwepo. Grisi ilipoisha, Mama Zaituni alisema mawese yanatosha, kwa nini tununue mafuta meusi na mkoa mzima unakamua mekundu? Tulipaka mawese kwenye magurudumu. Treni ilipita laini siku moja, na siku ya pili siafu walikuwa wamepanga foleni reli nzima, wengi kuliko abiria wetu wa mwaka. Halafu zikaja nyavu. Nilizipata kuukuu ufukweni Kibirizi, nikazifua kwa sabuni mara nyingi, nikazitundika pangoni. Zilinukia dagaa kama mpya. Paka wa mtaa wa Buzebazeba walipata habari kabla ya matangazo yetu, wakahamia. Nilitaka kuzitoa, lakini mtu wa kwanza kuingia kujaribu akasema, "Ah, hapa sasa ni ziwani." Tukaziacha. Paka nao tukawaacha.

Idi ikafika, na watu wakaja, Waislamu na Wakristo, kwa sababu Kigoma sikukuu ni ya kila mwenye nguo mpya. Boti ilijaa. Nje nilisikia vicheko, nikasikia mayowe ya waliomwona kiboko, nikasikia watoto wakihesabu taa. Mvuvi mmoja mzima wa Kagunga, kifua kama mlango, alishuka ameshika tumbo, kichefuchefu kimemkamata juu ya reli. Wenzake wakamcheka mpaka wakakaa chini. Nikasema moyoni, tumepona. Lakini nilipotazama vizuri niliona jambo baya. Boti ilipotoka upande wa pili, watu walishuka, wakasimama kidogo, wakatazamana, wakaondoka kimya. Hakuna aliyerudi kwenye foleni. Mama Zaituni alikuwa amesimama pale pale akiona ninachokiona.

Mchana Mama Editha alikuja na watoto wale wale. Nilimpandisha mwenyewe. Aliposhuka alisimama, akashika kiuno, akatazama kushoto na kulia.

"Yemwe!" alishangaa kwa Kiha, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye farasi. "Yusta, mbona umenisafirisha mpaka Kagunga, na Kagunga hakuna mtu?"

"Mtu gani, dada?"

"Wa kunipokea! Kwetu injini ikisikika tu, watu wamejaa ufukweni. Huyu anashika mzigo, huyu anabeba mtoto, huyu anauliza umemletea nini. Wewe umenishusha kwenye uchochoro kama mzigo wa magendo. Hata watoto wanauliza, bibi kahama?"

Alikuwa anatania, lakini si utani tu. Niliwatazama wale watoto, na kweli walikuwa wanatafuta mtu. Tulikuwa tumewapa safari nzima, giza, mvua na kiboko, halafu mwisho wake ni ukuta wa makuti na pipa la taka. Mtu wa kwetu hasafiri hivyo. Anasindikizwa, anapokelewa, na asipopokelewa anajiuliza amewakosea nini.

Boti iliyofuata niliacha tiketi nikakimbilia upande wa kushukia. Nikapiga makofi ya taratibu, kama mama yangu alivyokuwa akipokea wageni, nikapiga goti kidogo, nikasalimu kwa Kiha: "Mwidiwe! Karibuni! Poleni na safari!" Mabibi wawili wa Kiha wakajibu "Ego, mwidiwe!" na makofi yao, na watoto wakafurahi mpaka mmoja akanikumbatia shingo. Lakini kule langoni foleni ilikuwa imevurugika na Mama Zaituni alikuwa anaita jina langu kwa namna isiyo ya sikukuu. Sikuweza kuwa kwenye kuondoka na kwenye kufika. Mtu pekee aliyesimama upande wa kufika siku zote ni Fundi, kwa sababu swichi ya kuendeshea ilikuwa huko, nyuma ya pazia la gunia.

"Fundi, wapokee wewe."

"Mimi niko fundi. Siko wa kupokea wageni."

"Fundi, wasipopokelewa hawarudi. Wasiporudi unajua kinachofuata."

Alivuta lile gunia akaanza kujifunika tena, kisha akasimama. Aliongea akitazama swichi. "Sisi tulivuka mimi nikiwa kijana mudogo, vita kule, na mama yangu. Tukashuka ufukweni hapa. Kila mutu akawa na mutu wake. Sisi hapana. Mama akakaa juu ya mufuko wetu, akasema tungojee kidogo, labda watakuja. Watakuja nani, Yusta? Hatukujua mutu hata mumoja Kigoma yote."

Huyu mtu aliyekuwa anafukuza watu kwa miaka yote ile, nilidhani hawapendi.

Boti ilikuwa inakuja. Fundi alilichomoa lile gunia kwenye msumari akalitupa. Alifuta mikono, akafuta tena, akasimama mbele ya watu akiwa amekakamaa kama anayepigwa picha ya pasipoti. Boti ikasimama.

"Mumefika?" akasema.

Watoto walimwogopa, wengi alishawahi kuwaambia watoke hapo. Akamnyanyua mmoja kwa kwapa, akamweka chini taratibu. Akamnyanyua wa pili. Wa tatu alikuwa binti mdogo mwenye gauni la njano na andazi nusu mkononi.

"Mumefika salama? Sasa, mama, umeniletea nini?"

Yule binti aliwaza sana. Akalitazama andazi, akamtazama Fundi, akampa. Fundi alilipokea kwa mikono miwili, na grisi yake yote, akalila pale pale mbele za watu. "Asante," akasema. "Njaa ilikuwa imenishika tangu mulipoondoka." Watu walicheka, na wale watoto wengine wakaanza kujipapasa mifukoni, wakaona aibu, hawakuleta kitu. Mmoja akamvuta baba yake: lazima warudi, hawakumletea yule babu chochote.

Ndivyo foleni ilivyoanza upya. Walirudi na karanga, na jiwe jeupe la ufukweni, na ndizi, na ua la karatasi. Mama Editha alirudi na kifurushi cha dagaa, ambacho paka walikisikia kabla ya Fundi. Kila mmoja alipokelewa, kila mmoja akaulizwa, na jioni Fundi alikuwa amepoteza sauti na amepata chakula cha wiki.

Baada ya Idi mnunuzi wa chuma chakavu alikuja kama alivyoagizwa, na lori lake na futikamba mkononi, tayari kupima mabehewa yakatwe vipande vingapi. Mama Zaituni hakuwa mtu wa kukiri. Alimwambia tu, "Mwanangu, panda kwanza ujue unanunua nini." Akapanda. Nilimsikia akimtukana kiboko. Alipotoka, Fundi alikuwa amesimama pale, ametoa mikono miwili.

"Umefika salama? Umeniletea nini?"

Yule bwana alijitazama. Hakuwa na kitu kingine. Akacheka, akaiweka futikamba kwenye mikono ya Fundi, na hakurudi kuidai. Lori liliondoka tupu. Mama Zaituni aligeuka akaenda kwenye jenereta akajifanya anakagua mafuta, na sisi tukajifanya hatumwoni anafuta macho.

Tangu hapo kazi yangu ikawa kubadilisha hadithi za mashine. Farasi waliacha kuwa farasi, wakawa samaki wa ziwani, migebuka na kuhe, wanaozunguka. Bembea zikawa ndege weupe wa ziwani, zikaja kuwa mwewe, zikarudi kuwa ndege weupe kwa sababu mwewe aliwakera wafuga vifaranga. Kila badiliko tulilipima kwa ile futikamba. Kuna kesi ngumu ningeweza kujaza kurasa: mwalimu aliyepiga kelele pangoni umeme ulipokatika huku wanafunzi wake wakimbembeleza, bwana harusi aliyetaka kumvisha mkewe pete kinywani mwa kiboko, kiboko akaimeza. Tuliitoa kwa bisibisi. Mota za waipa zina nguvu kuliko mnavyofikiri. Lakini kila mara nilipokwama nilianza na swali moja: mtu akishuka hapa, nani anamngoja?

Fundi Ramazani alipokea watu mpaka macho yalipozima kabisa, na hata hapo aliletewa kiti akawa anawajua kwa uzito anapowanyanyua. Nilijifunza mengi kwake na nilimshukuru machache. Kwa mtu wa namna ile shukrani ilikuwa kumpa kitambaa safi. Kabla hajafa alinipa futikamba. Tulimzika Ujiji. Watu wazima nisiowajua walijaa mpaka barabarani, na mmoja, mama mwenye watoto wake, aliniambia aliwahi kumpa andazi. Nililia kuliko nilivyomlilia baba yangu mwenyewe, na sioni haya kuliandika.

Sasa mnataka kuibadilisha boti. Neema, mnayemjua kwa ukali wake na anayekaa sasa kwenye mashine, alinijia mwezi wangu wa mwisho akisema kwa woga, "Shikamoo, Mama Yusta. Watoto wa siku hizi wanataka roketi. Tunafikiria pango liwe anga, twende mwezini." Alitegemea nikasirike. Nilimwambia ni vizuri, nyavu zimeoza na kiboko amechoka. Mimi nilifukuza mazimwi ya mtu mwingine ili niweke boti yangu. Nani kaniambia boti ikae milele? Nilimwomba tu kitu kimoja, na nyote mnakijua: hata mwezini awepo mtu wa kupokea.

Siku ya mwisho mlinilazimisha nipande. Miaka yote ile niliwahi kuipanda boti nikikagua, nikitengeneza, nikifukuza paka, lakini sikuwahi kuipanda kama abiria, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa langoni, kusindikiza. Nilikaa behewa la mbele. Nilipita taa zangu, milima yangu, nikamsikia kiboko. Nyuma ya mlango nikaliona zimwi na tai yake, bado halijafika ofisini. Kisha mwanga ukaingia, na Neema alikuwa amesimama pale, mikono miwili mbele.

"Umefika salama, mama? Umeniletea nini?"

Futikamba ilikuwa mkobani. Nilikuwa nimeitia asubuhi ili niende nayo nyumbani, iwe ukumbusho. Niliishika kwa muda humo humo ndani ya mkoba, halafu nikaitoa, nikampa. Neema aliipokea, akanishika mkono nikashuka. Akavuta utepe wake, akaanza kupima mlango wa pango, aone kama roketi itapita.